SHINDANO LA KUCHORA ROBOTI: SOMO KWA SHULE ZA SEKONDARI NA KWA WAPENDA VICHEZEO WA RIKA ZOTE

Mtu aliyekulia katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani au Ilala analijua gari la waya. Mwili wake ni waya uliokunjwa kwa mikono, magurudumu yake ni vizibo vya soda au vipande vya ndala zilizokatika, na usukani wake ni fito ndefu inayomfikia kifuani dereva anayekimbia nyuma yake. Siku hizi maduka ya Kariakoo yamejaa vichezeo vya plastiki viendavyo kwa betri, na baadhi yake vina umbo la roboti: macho yake ni taa nyekundu, hupiga kelele na kuinua mikono. Watoto huvifurahia. Watu wazima nao, wakidhani hawaonekani, huvibonyeza kidogo kabla ya kuvirudisha mahali pake.

Vichezeo hivi viwili vina tofauti moja kubwa. Aliyetengeneza gari la waya analijua lote, tangu ekseli mpaka usukani, na likivunjika analitengeneza mwenyewe. Aliyenunua roboti ya plastiki hajui kilichomo ndani yake mpaka siku itakapoharibika. Makala haya yanakusudia kuwarudisha wasomaji wetu upande wa mtengenezaji. Tutaeleza jinsi shule inavyoweza kuandaa shindano la kuchora roboti, ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mwalimu wake na hata bibi yake wanaweza kushindana ndani yake kwa masharti yaleyale. Atakayeshinda si mwenye picha nzuri kupita nyingine, bali ni yule ambaye mchoro wake fundi akikabidhiwa anaweza kuanza kazi.

1. Neno "roboti" na neno "Kariakoo"

Neno roboti lilizaliwa katika tamthilia. Mwaka 1920 mwandishi Karel Čapek wa Chekoslovakia alitunga tamthilia iitwayo R.U.R., nayo ikachezwa mjini Prague mwaka 1921. Ndani yake mna watu wa kuundwa kiwandani, wanaofanyishwa kazi zote za binadamu. Čapek mwenyewe alieleza baadaye kwamba jina hilo alipewa na ndugu yake Josef, ambaye alikuwa mchoraji. Katika Kicheki neno robota lilikuwa na maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wakulima walimfanyia bwana wa ardhi bila ujira. Wazee wetu waliiita kazi ya namna hiyo shokoa.

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Jina Kariakoo lenyewe ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao, ambao wengi walichukuliwa kwa nguvu, walibeba risasi na chakula vichwani, kwa sababu barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya jiji, ambayo ilizinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka wao pamoja na askari waliopigana.

Basi jina la mashine na jina la mtaa yote mawili yametokana na kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo mchoraji wa roboti asianze kwa kujiuliza "Itakuwa na sura gani?" Aanze kwa kujiuliza "Itamwondolea nani kazi gani?" Wako vijana Kariakoo wanaosukuma mikokoteni na kubeba viroba mgongoni tangu alfajiri. Kazi yao ni nzito, lakini ndiyo riziki yao, na mashine itakayowaondoa bila ya kuwafungulia njia nyingine haitakuwa imewasaidia. Lakini ziko kazi ambazo mtu akizifanya huenda asirudi nyumbani jioni. Tumechagua moja katika hizo iwe ndiyo mada ya shindano letu.

2. Kazi yenyewe: kuingia katika kifusi

Tarehe 29 Machi 2013 imo katika kumbukumbu za jiji letu kwa msiba. Siku hiyo jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la biashara liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na makumi ya wengine waliokolewa. Katika ajali hiyo ya pili, baadhi ya walionaswa chini ya jengo waliweza kuwasiliana na waokoaji, nao wakapelekewa maji na hewa huku njia ya kuwafikia ikitafutwa.

Ugumu wa kazi hiyo ni nini? Kifusi ni rundo lililokaa kwa kuegemeana. Winchi ikinyanyua ubao wa zege mahali pasipofaa, ubao mwingine hushuka na kuziba nafasi ambayo huenda ndimo alimo mtu. Ndiyo maana waokoaji husimamisha injini zote mara kwa mara na kusikiliza kimya. Chombo kidogo kiwezacho kupenya, kuona, kusikia na kuleta habari kinaweza kuwaonyesha mahali pa kuchimba na mahali pasiguswe.

Vyombo vya namna hiyo vimekwisha kutumika. Mwezi wa Septemba 2001 roboti ndogo ziliingizwa katika kifusi cha majengo ya World Trade Center mjini New York. Hazikuwa na kichwa wala mikono. Baadhi yake zilikuwa na ukubwa wa kasha la viatu, zikienda kwa minyororo kama ya tingatinga. Hili ni funzo la kwanza kwa mchoraji: umbo hufuata kazi. Roboti yenye mabega mapana na kifua cha bati itakwama mlangoni.

3. Tofauti ya picha na mchoro

Picha huonyesha kitu kinavyoonekana kwa mtu aliyesimama mahali pamoja. Mchoro wa kiufundi huonyesha kitu kilivyo, ili mtu ambaye hajapata kukiona aweze kukitengeneza. Katika shindano hili kila mshiriki atatoa mionekano mitatu ya roboti yake: wa mbele, wa ubavuni na wa juu. Mionekano hiyo ipangwe ili vipimo vioane. Upana unaoonekana mbele lazima uwe sawa na upana unaoonekana juu. Usipokuwa sawa, mchoro unajipinga wenyewe na fundi hatajua aamini upi.

Mchoro uwe na skeli. Skeli ya 1:4 yafaa kwa karatasi ya kawaida: sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 4 za roboti. Vipimo vyote viandikwe kwa tarakimu, na kila sehemu ipewe jina. Rangi na karatasi za ghali hazihitajiwi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo wake wa uchoraji ulianzia Dar es Salaam miaka ya 1960 na kuenea duniani, alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kawaida za dukani. Penseli, rula, kipimapembe na karatasi ya miraba vyatosha.

4. Maswali manne ambayo mchoro lazima uyajibu

(a) Je, itapita, na je, itageuka?

Tuseme upenyo wa kifusi una upana wa sentimita 20, na roboti yetu ina upana wa sentimita 18 na urefu wa sentimita 24. Itaingia bila taabu. Lakini ikitaka kugeuka palepale, pembe zake zitachora duara ambalo kipenyo chake ni sawa na ulalo wa mstatili wa roboti. Kwa kanuni ya Pythagoras:

18 × 18 + 24 × 24 = 324 + 576 = 900

Kipeo cha pili cha 900 ni 30. Kwa hiyo roboti inahitaji sentimita 30 ili igeuke, nayo imo katika nafasi ya sentimita 20. Imeingia asipoweza kugeuka. Mchoraji ana njia mbili: aifupishe roboti, au aichore iweze kurudi kinyumenyume ikiwa na taa na kamera hata upande wa nyuma. Njia yoyote anayochagua ionekane katika mchoro.

(b) Je, haitapinduka?

Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kana kwamba umekusanyika. Roboti ikipanda ubao ulioinama, hubaki imara maadamu mstari wa wima unaoshuka kutoka katika kitovu hicho unaangukia mbele ya magurudumu ya nyuma. Ukipita nyuma yake, roboti inapinduka.

Tuchukue roboti ambayo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana sentimita 24, na kitovu chake kimo katikati, yaani sentimita 12 kutoka magurudumu ya nyuma. Tanjenti ya pembe ya mwinamo ambapo itaanza kupinduka hupatikana kwa kugawanya 12 kwa kimo cha kitovu. Kitovu kikiwa juu sentimita 24, tanjenti ni 0.5 na pembe ni nyuzi 27 hivi. Kikiwa sentimita 12, pembe ni nyuzi 45. Kikishushwa mpaka sentimita 6, pembe yafika nyuzi 63, na huenda roboti ikateleza kabla ya kupinduka. Betri ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika vyombo vidogo vingi. Basi mahali pa betri ni chini, wala si kichwani.

(c) Itamjuaje mtu?

Sehemu ya mashine inayopokea habari kutoka nje huitwa kihisi. Viko vihisi vya namna nyingi, na kila kimoja kina udhaifu wake. Kamera yahitaji taa, na vumbi la zege huifunika lenzi. Maikrofoni husikia sauti ya mtu, lakini pia husikia mota ya roboti yenyewe. Kwa hiyo roboti lazima iweze kusimama na kunyamaza.

Kihisi cha joto kinahitaji uangalifu zaidi katika nchi yetu. Ngozi ya mtu huwa na joto la nyuzi 33 za Selsiasi hivi. Katika nchi ya baridi mtu huonekana waziwazi kama taa gizani. Dar es Salaam, ambako hewa ya mchana mara nyingi hufikia nyuzi 30 na zege lililopigwa na jua huwa na joto zaidi, mtu na jiwe vyaweza kuwa karibu sawa. Kifaa kilichosifiwa kwingine kinaweza kushindwa hapa, wala kosa si la kifaa. Ni la aliyekichagua bila ya kupima mazingira.

Njia nyingine ni pumzi. Hewa ya kawaida ina kaboni dayoksaidi kiasi cha asilimia 0.04, na hewa tunayoitoa kifuani ina asilimia 4 hivi, yaani karibu mara 100 zaidi. Katika nafasi iliyozibwa, gesi hiyo hukusanyika na yaweza kuashiria mtu aliye hai. Lakini jenereta za waokoaji nazo hutoa gesi hiyohiyo. Basi roboti nzuri haitegemei shahidi mmoja. Huwa na vihisi viwili au zaidi vinavyoshuhudiana.

(d) Je, itarudi?

Tuseme mota mbili zinatumia wati 3 kila moja, taa wati 1, na kamera pamoja na maikrofoni wati 1. Jumla ni wati 8. Betri ya volti 6 yenye ampea-saa 4 ina nishati ya wati-saa 24. Tukigawanya 24 kwa 8 tunapata saa 3. Lakini saa 3 hizo ni za kwenda na kurudi. Ikipita saa moja na nusu kabla roboti haijageuza, itazimika njiani, nayo itakuwa kipande kingine cha kifusi.

Wengine hupendelea kuiunga roboti kwa waya kutoka nje. Waya huleta umeme na kupitisha habari, tena waweza kutumika kama kamba ya kuivutia nje. Mawimbi ya redio, kwa upande wake, hupungua nguvu sana yanapopita katika zege lenye nondo. Lakini waya hunasa katika nondo hizohizo. Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa kila hali. Mshiriki achague na aandike sababu.

5. Mwalimu kutoka Morogoro

Kabla ya kuchora, yafaa kumtazama mnyama ambaye amekwisha kufundishwa kazi hii hapa nchini. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu ya ushujaa mwaka 2020. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70 pamoja na mkia.

Shirika hilo limewafundisha panya buku wengine kutafuta watu katika vifusi vya kuigizwa. Panya huvaa mkoba mdogo wenye kamera na maikrofoni. Akimpata mtu, huvuta kitufe kilichoning'inia katika vazi lake, kisha akisikia mlio wa kuitwa hurudi kupokea chakula. Mchoraji ajiulize: ni nini katika panya huyu ambacho mashine yangu haina? Mwili wake hujikunja. Mkia wake humsawazisha. Pua yake huvihisi visivyoonekana. Na sharubu zake humjulisha upana wa tundu kabla hajaliingia. Sharubu zaweza kuigwa kwa urahisi: waya mwembamba uliopita katikati ya pete ya shaba. Waya ukigusa ukuta hupinda, ukaigusa pete, na mkondo wa umeme ukapita. Hiyo ni swichi ambayo mwanafunzi anaweza kuitengeneza kwa dakika 10.

6. Utaratibu wa shindano

Mwalimu atangaze shindano wiki 3 kabla. Wazazi na majirani wakaribishwe, kwa kuwa fundi redio wa mtaani na mama anayecherehani wana ujuzi wa vipimo ambao shule haina. Kila mshiriki alete karatasi moja yenye mionekano mitatu, na nyingine yenye maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja. Jina liandikwe nyuma, ili waamuzi wasijue kama mchoraji ni mwanafunzi au mkuu wa shule.

Alama 100 zigawanywe hivi: vipimo na kuoana kwa mionekano, 30, uwezo wa kupita, kugeuka na kutopinduka, 25, vihisi na sababu za kuvichagua, 20, hesabu ya nishati, 15, maelezo kusomeka, 10. Uzuri wa rangi usipewe alama.

Michoro 5 ya kwanza ipelekwe katika jaribio la fundi. Kila mchoro akabidhiwe mtu ambaye hajauona, pamoja na maboksi matupu, mkasi, gundi na rula, naye atengeneze mfano wa roboti kwa ukubwa wake halisi. Haruhusiwi kumwuliza mchoraji neno lolote, na mchoraji haruhusiwi kusema. Kisha mfano huo usukumwe kwa kijiti katika njia ya maboksi yenye upana wa sentimita 20 na kona moja. Hapo ndipo ukweli utakapoonekana. Mchoraji aliyesahau kipimo kimoja atamwona fundi akikikisia, na mfano ukikwama konani hakuna haja ya mwamuzi kutamka lolote.

7. Mazoezi

1. Roboti ina urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 30. Inahitaji nafasi ya upana gani ili igeuke palepale?

2. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sentimita 20, na kitovu cha uzito kimo katikati, sentimita 10 juu ya ardhi. Roboti itaanza kupinduka katika mwinamo wa nyuzi ngapi?

3. Betri ya volti 12 ina ampea-saa 2, na roboti inatumia wati 6. Roboti ianze kurudi kabla ya muda gani kupita?

4. Mwanafunzi mmoja awe roboti, afumbe macho na kushika chaki. Mwingine ampe amri za aina mbili tu: "nenda mbele" kwa sentimita kadhaa na "geuka" kwa nyuzi kadhaa. Amchoreshe pembetatu yenye pande sawa. Kwa nini amri ya kugeuka nyuzi 60 haitoi pembetatu? (Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishiriki kubuni huko Marekani lugha ya kompyuta iitwayo LOGO, ambayo kwayo watoto walikiongoza chombo kama kobe kuchora sakafuni kwa amri za namna hii.)

5. Umelazimika kuondoa kimoja ili kupunguza uzito: taa, maikrofoni au sharubu. Utaondoa kipi? Jadilini darasani, na kila mmoja ataje hatari ya uamuzi wake kwa mtu aliye chini ya kifusi.

Majibu: (1) Sentimita 50. (2) Nyuzi 45. (3) Saa 2, bila ya kuweka akiba. (4) Anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje, ambayo ni nyuzi 120. Kwa kugeuka nyuzi 60 atachora umbo la pande 6. (5) Jibu litategemea hoja.

Michoro yote, hata ile isiyoshinda, ihifadhiwe katika jalada la shule. Mwaka ujao washiriki wapya waanze kwa kuisoma na kuonyesha makosa yake, kisha wachore iliyo bora zaidi.